Chumvi Kwenye Kioo cha Skana

Haya hayakutokea mbali. Yalitokea Masasi mjini, kwenye duka la kaka yangu Cecil, mtoto wa mama yangu mkubwa, na mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye stuli ya mchapaji. Ukimuuliza Cecil mbele za watu atakuambia umeme ulikuwa mdogo. Mwache aseme. Ndugu yangu yule hata nyumba ikiungua atauliza kwanza kama waya umechomekwa vizuri.

Ilikuwa ile miaka soko la korosho lilipoachiwa huru. Wanunuzi binafsi walipishana na malori yao kutwa nzima, na vijana waliokuwa wanauza karanga jana, leo wana redio ya kaseti begani. Cecil naye hakutaka kubaki nyuma. Alikwenda Dar es Salaam akarudi na kompyuta ya mtumba, printa, na skana. Hiyo skana ndiyo iliyoleta watu. Unafunua kifuniko, unalaza karatasi kifudifudi juu ya kioo, unafunika, kisha taa inatembea chini ya kioo polepole toka juu hadi chini. Kwenye kompyuta picha inajitokeza mstari kwa mstari, ikishuka kama mtu anayefunuliwa shuka. Wengine walikuja kuangalia tu, hawana hata karatasi.

Skana ilikuja na kijitabu cha Kiingereza. Kurasa za mwisho zilikuwa za matatizo na namna ya kuyatatua, na Cecil alizijua kuliko sala ya jioni, na sote wawili tulilelewa misheni. Skana haionekani kwenye kompyuta? Washa skana kwanza, kompyuta baadaye. Inakoroma bila kusogea? Geuza chini, kuna kifungo cha kuzuia taa isicheze safarini, kifungue. Picha ina michirizi? Futa kioo. "Kila ugonjwa wa mashine una ukurasa wake," alikuwa ananiambia, kidole juu, utadhani daktari wa wilaya. Nilikuwa namcheka. Siku hizi simcheki.

Asubuhi moja ya jua kali, mawe ya milimani yameshaanza kumeremeta, waliingia watu wawili kutoka Chilangala, kule juu Newala. Mwanamume alikuwa na kanzu safi na kofia ya kushonwa kwa mkono. Mwanamke alikuwa amejifunga kanga ya msiba, macho yamemwingia ndani.

"Shikamoo mama, shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba mwanangu," mwanamke akajibu, sauti ya chini kabisa.

Alikuwa anaitwa Mama Shakila, na yule mwanamume ni kaka yake, Mzee Awadhi. Shakila alikuwa binti pekee wa mama huyu. Alikuwa amefariki mwanzoni mwa msimu wa korosho. Alitoka asubuhi mzima, akarudi na kichwa kinamuuma, na alasiri akawa hayupo. Mjomba ndiye aliyesimamia kila kitu, maana kwetu huku mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake. Sasa arobaini ilikuwa inakaribia. Siku hiyo jina la Shakila angepewa mjukuu mchanga wa ukoo, msiba ungefungwa, na Mzee Awadhi alitaka picha kubwa ya marehemu ya kuweka ukutani.

Alitoa picha yenyewe kwenye bahasha. Ilipigwa studio. Shakila amesimama mbele ya pazia lililochorwa maua, kilemba kichwani, gauni la buluu, viatu vyeupe. Mikono ameikutanisha mbele, chini ya kiuno, kwa adabu ya mtu aliyeambiwa usicheke. Alikuwa mzuri. Roho iliniuma, sikuwahi kumjua lakini iliniuma.

"Iwe safi," Mzee Awadhi alisema. "Na iwahi." Akatoka kwenda kuonana na wanunuzi wake. Huyo mzee shamba lake lilikuwa linasemwa mpaka Masasi. Mikorosho mpaka macho yachoke, chini pamefagiliwa kama uwanja wa msikiti, na hakuna aliyewahi kuona kibarua akiingia wala kutoka.

Mama Shakila alibaki kwenye benchi. Cecil akalaza picha kwenye kioo, akafunika, akabonyeza.

Mstari kwa mstari picha ikashuka. Pazia, kilemba, uso, gauni. Ilipofika kwenye mikono Cecil akasonya. Vidole vyote vilikuwa vyeusi.

"Kioo kina uchafu," akasema. Akachukua kitambaa laini, akafuta, akaangalia kwa kuinamisha kichwa, akafuta tena. Akaskani upya. Weusi ulikuwa pale pale, na sasa ulikuwa umepanda mpaka kwenye viungo vya vidole. Nikaichukua picha halisi, nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Mikono ya Shakila ilikuwa safi, hata kucha zilionekana.

"Taa haijapata moto," Cecil akasema. Tukasubiri taa ipate moto.

Safari hii viatu vyeupe havikuwepo. Alikuwa peku, na miguu ilikuwa na vumbi jekundu hadi kwenye vifundo.

Cecil akakandamiza kifuniko, labda mwanga wa nje unaingia. Akachomoa waya, akauchomeka. Akazima vyote viwili, akawasha kwa utaratibu wake. Akaifuta programu ya skana kwenye kompyuta, akaiweka upya kutoka kwenye sidii. Akajaribu kwa karatasi nyingine, cheti cha ubatizo cha mtu, kikatoka safi, hata muhuri unasomeka. Akajaribu picha ya harusi ya mteja. Safi. Akarudisha ya Shakila.

Mgongo ulikuwa umeinama.

Cecil alikuwa anafungua kijitabu, na bado anasema "itakuwa kumbukumbu ya kompyuta imejaa." Ndipo nikasikia kanga ikichakacha nyuma yangu. Mama Shakila alikuwa ameinuka kwenye benchi. Alikuwa amesimama begani kwangu, anaangalia ile mikono kwenye kioo cha kompyuta.

"Mwanangu anabangua," akanong'ona.

Kila mtu wa kwetu anaijua mikono hiyo. Ukibangua korosho bila majivu wala mafuta, maji ya ganda yanakuunguza, ngozi inakuwa nyeusi, inachubuka, na haitoki kwa sabuni. Cecil akasema, "Mama, ni hitilafu tu ya mashine." Mama Shakila akajifunga kanga upya. Akaomba maji ya kunywa, akanywa, akasema atarudi kesho.

Alirudi peke yake, mchana, Cecil amekwenda kula. Mji ulikuwa umetulia kwa joto. Alifunga mlango wa duka nyuma yake na kukaa karibu yangu sana, magoti yakagusana.

"Wewe mwana wa misheni," akasema, "ndondocha unawajua?"

Nilitaka kusema siwaamini. Lakini nani wa kwetu hawajui? Mtu anazikwa, analiliwa, kumbe kaburini umelazwa mgomba. Mwenyewe yuko kwenye shamba la aliyemchukua, anaokota na kubangua, ulimi mzito, hajijui jina, analishwa pumba isiyotiwa chumvi. Maana akionja chumvi anazinduka. Anakumbuka kwao, na anarudi.

"Siku ile nilizimia," Mama Shakila akaendelea. "Nilipozinduka kaburi limeshafukiwa. Uso wake sikuuona. Kaka akaniambia, dada tulia, kila kitu kimekwisha. Yeye ndiye mwenye watoto, ningesema nini? Na Ijumaa hii wanafunga msiba. Jina likishapewa mtoto mwingine, mwanangu hata akizinduka hatajua anaitwa nani. Atabaki huko huko."

"Uko wapi ushahidi, mama?"

Akaonyesha skana kwa kidevu.

Kisha akafungua fundo la kanga. Ndani kulikuwa na chumvi ya mawe, ameisaga. "Shambani siwezi kumfikia. Lakini hapa anakuja. Nimemwona kwa macho yangu. Mwekee kidogo mdomoni, mwanangu. Nisaidie, nami nina huyo mmoja tu."

Niseme ukweli, nilimhurumia kabla sijamwamini. Nikafunua kifuniko. Mama Shakila akanyunyiza chumvi kwenye kioo, kidogo tu, kwa vidole viwili, huku anasema maneno ya Kimakonde ambayo hayakuwa dua wala laana. Alikuwa anamsimulia mwanawe habari za nyumbani. Mbuzi amezaa. Jiko limebomoka upande. Kisha akalaza picha kifudifudi, mdomo wa Shakila juu ya chumvi. Nikafunika. Nikabonyeza.

Skana ikakoroma. Chembe zilisikika zikisagika.

Pazia likashuka kwanza. Lilikuwa pazia lile lile, lakini maua yalikuwa yamekauka.

Kisha nywele. Kilemba hakikuwepo. Nywele zilikuwa timutimu, zimeshika majani makavu ya mkorosho.

Kisha paji la uso.

Kisha macho. Yalikuwa yamefumbwa.

Pua. Mdomo. Juu ya midomo kulikuwa na weupe.

Taa ikaendelea kushuka. Shingo. Kola ya gauni. Na mimi nikitazama, nikiwa sijapepesa kope, yale macho yaliyokwisha kupita yakafumbuka.

Hayakunitazama mimi. Yaligeukia upande aliosimama mama yake.

Mama Shakila hakupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya kifuniko cha skana, kama unavyompima mtoto homa.

"Mama," ikasema sauti.

Ilitoka chini ya kifuniko. Ilikuwa kavu. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye hajasema siku nyingi.

"Naam, mwanangu. Njoo."

"Mama, ni mbali."

"Njoo tu. Nipo. Usigeuke nyuma."

Mabega yakatokea. Kifua. Viwiko. Nilikuwa nalia bila kujua kwa nini. Mstari ukashuka, ukashuka, ukafika kiunoni.

Mlango ukafunguliwa.

"Nini hicho? Chumvi?" Alikuwa Cecil. Aliziona chembe zilizomwagika pembeni ya kioo. Hakuangalia kompyuta. Naapa hakuangalia kompyuta. Ndugu yangu aliiona mashine yake tu. "Mtaniulia kioo!" Akarukia waya wa mashine zote mbili, akauchomoa ukutani. Akafunua kifuniko.

Kilio kilichotoka pale sitakielezea. Kilikatika katikati, kama redio iliyoishiwa betri.

Kompyuta ilizimika. Cecil alikuwa ameshika picha ya Shakila mkononi, anaigeuza upande huu na ule.

Toka juu hadi kiunoni picha ilikuwa nyeupe. Hapakuwa na uso, wala kilemba, wala pazia, karatasi tupu inayong'aa. Chini ya kiuno kila kitu kilikuwepo: pindo la gauni la buluu, viatu vyeupe, na mikono miwili iliyokutanishwa kwa adabu.

"Irudishe," Mama Shakila akasema. "Baba, nakuomba. Irudishe, amalizie."

Cecil akairudisha. Nilimwona akikosea tundu la ukutani. Akawasha skana kwanza, kompyuta baadaye. Taa iliwaka lakini haikusogea. Akageuza chini, akaangalia kifungo. Kilikuwa wazi. Akafuta kioo. Akaweka programu upya. Akafungua skrubu zote, akapuliza chumvi kwenye reli, akapaka mafuta ya cherehani, akafunga. Jioni ilifika, na Mama Shakila bado ameketi kwenye benchi, hali wala hanywi. Taa ilikuwa imesimama pale pale, katikati ya kioo. Haikwenda mbele wala nyuma.

Aliondoka na basi la asubuhi. Picha aliiacha. "Ikipona," alisema, "usinisubiri mimi. Wewe malizia tu."

Arobaini ilifika. Tulisikia kwa watu wa Makote, kule kule Newala, waliokwenda, kwamba Mama Shakila alisimama mbele ya wote akasema mwanangu hajafa, jina lake asipewe mtu. Mama wa yule mtoto mchanga akamfunika mwanawe kwa kanga, akaondoka naye. Mzee Awadhi alicheka. Alisema dada yake amechanganyikiwa kwa uchungu, akaagiza wali ugawiwe. Lakini walisema pia kwamba hakula. Alikuwa anaangalia upande wa nyumba ya dada yake, anasikiliza.

Cecil aliacha kula vizuri. Usiku na mchana alikuwa na bisibisi. Mwishowe nilimwambia twende Chilangala, tukamtake radhi mama wa watu. Nilidhani atakataa. Alikwenda kuvaa viatu.

Njia ya kwa Mama Shakila inapita kando ya shamba la Mzee Awadhi. Chini ya mikorosho palikuwa safi, na korosho zilikuwa zimekusanywa marundo marundo, mbichi, za asubuhi ile. Hapakuwa na mtu. Kwenye mchanga kulikuwa na nyayo za mwanamke, peku, ndogo. Zilitoka mti hadi mti. Na kwenye kila mti, pembeni ya nyayo, kulikuwa na mikwaruzo ya vidole, kama mtu anayepapasa asichokiona. Cecil alisimama akaziangalia muda mrefu. Hakutaja umeme.

Tulimkuta Mama Shakila uani, chini ya ukuta, amekaa mkekani na sahani ya ugali na kisamvu. Alitukaribisha kwa uso mzuri, uso wa mtu aliyelala vizuri. Mbele yake mkeka ulikuwa mtupu.

"Mnisamehe, namlisha kwanza," akasema. "Mikono hana."

Akafinyanga tonge, akalichovya kwenye kisamvu, akalisogeza mbele, juu kidogo ya mkeka, usawa wa mdomo wa mtu aliyekaa. Akalishikilia hewani. Tukasikia kutafuna.

Alipourudisha mkono, tonge lilikuwa nusu.

Sikuweza kukaa. Sikuweza kukimbia. Mama Shakila alimfuta mtu midomo kwa ncha ya kanga, pale pasipo na mtu, kwa upole ambao ulinifanya nimuonee wivu huyo anayefutwa.

"Anakuja, anaongea, analala hapa na mimi," akasema. "Lakini anachoka, mwanangu. Kila nikimlisha, nguvu inakwenda kule shambani, kwenye nusu iliyobaki. Anasema mikono inamuuma inaungua, na haoni iko wapi." Akainamisha kichwa, akasikiliza kitu, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamgeukia Cecil.

"Anauliza, mashine imepona?"

Ndugu yangu alipiga magoti kwenye mchanga. Nilidhani atamjibu mama. Badala yake aliangalia pale mkekani, mahali penyewe, akavua kofia.

"Bado, dada," akasema. "Naendelea kujaribu."

Hatukukaa sana. Mama Shakila alitusindikiza mpaka penye uzio, akatushukuru kwa kuja. Nilipogeuka nilimwona amerudi mkekani. Kwenye sahani lilikuwa limebaki lile tonge lenye alama za meno, naye akalifunika kwa kawa ili inzi wasilifikie.